Breketi za aluminiamu zinatoka nyeusi kwenye mashine ya mtetemo, na mawe yananasa

kereza_milingi:
Habari za kazi wakuu. Tuna beseni la mtetemo (mota inalitikisa ili mawe yasugue vipande) la lita 100 lenye mawe ya seramiki ya pembetatu, milimita 10. Tunaondoa makali (ncha kali zinazobaki baada ya kukata) kwenye breketi, yaani vishikizo, za aluminiamu ya aina ya 6061 zilizotoka kwenye milingi, mashine ya kuchonga chuma, na kila breketi ina mfereji wa upana wa milimita 10. Tunatia ndoo moja ya maji na sabuni ya vyombo, tunaiacha iwake kwa muda wa saa mbili. Makali yanaisha, ila breketi zinatoka za kijivu, ukipitisha kidole kinakuwa cheusi. Nyingine zina vidonda vya kugongana, na mawe yanayonasa tunayatoa kwa msumari. Pia tuna vifuniko vya ABS, plastiki ngumu, vyenye mabaki ya moldi (kalibu ya kuviunda). Naweza kuvitia humo humo?

beseni_na_mawe:
Mkuu, weusi huo ni unga laini wa aluminiamu na wa mawe yenyewe. Ndoo moja ya maji haina pa kuupeleka, kwa hiyo unasuguliwa tena juu ya breketi. Maji lazima yaingie na kutoka muda wote: kwa beseni la lita 100, lita 12 hadi 15 kwa saa, matundu ya chini yakiwa wazi, na usiyarudishe yakishatoka. Yakitoka meusi kama wino, ongeza. Yakituama chini, mzunguko unalegea, punguza au zibua matundu.

Sabuni ya vyombo iache kabisa. Povu linageuka godoro kati ya mawe na kipande. Tafuta dawa maalumu ya kazi hii, yenye pH (kipimo cha asidi na alkali) kati ya 6 na 8, asilimia 1 hadi 2 kwenye maji. Dawa kali za alkali za kusafishia chuma zinaila aluminiamu na kuitia weusi zaidi.

Kazi ikiisha, toa breketi mara moja, suuza kwa maji safi, kausha kwa hewa ya moto. Zikilala kwenye beseni lililozimwa zitapata madoa.

pembe_ya_uzito:
Naongezea kuhusu vidonda. Kwa ujazo, weka mawe sehemu 4 kwa breketi sehemu 1, na zikiendelea kugongana panda hadi 6 kwa 1. Seramiki ni nzito kwa aluminiamu; mawe ya plastiki ya umbo la pia yanakata polepole zaidi lakini uso unabaki laini. Mtetemo uwe milimita 3 hadi 4. Angalia breketi moja kwa macho: izame, ipotee, iibuke mbele kidogo. Ikielea juu tu ikizunguka, rekebisha pembe kati ya uzito wa juu na wa chini kwenye mota, kidogo kidogo.

Kunasa ni hesabu ya vipimo. Jiwe la milimita 10 likichakaa kidogo linaingia kwenye mfereji wa 10 na kukaza. Hata mawe ya milimita 5 yana hatari, maana mawili huingia pamoja na kubanana. Chukua la milimita 20, na kila baada ya muda chekecha yaliyochakaa uyatoe. Kabla ya kununua, jaribu kwa mkono: sukuma jiwe kwenye mfereji kila upande. Likihitaji msumari kutoka, halifai.

kereza_milingi:
Nimeelewa, shukrani. Na ABS?

beseni_na_mawe:
Usichanganye. Chembe za aluminiamu zinajikita kwenye plastiki na hazitoki kwa kusuuza. ABS ni nyepesi, inaelea juu ya mawe, kwa hiyo tumia mawe madogo na uwiano wa 10 kwa 1. Kigingi cha moldi, kile kibonge kinachobaki plastiki ilipoingilia, kikate kwanza kwa kisu, mtetemo ulainishe tu. Utando mwembamba wa plastiki kwenye kingo, ule unaopinda, hauondoki vizuri, unajikunja tu, na uso wenye kung'aa utafifia.

Jambo la mwisho, tope. Tope la aluminiamu lenye maji linatoa haidrojeni, kwa hiyo usilifungie kwenye pipa lenye kifuniko cha kubana. Likikauka likawa vumbi linashika moto. Na mawe yaliyosugua chuma yatengeni: vumbi la chuma litaacha madoa ya kutu kwenye aluminiamu.