Gundi ya kubandua na michoro kwenye kuta za chokaa

Swali
Assalam aleikum ndugu zangu. Ninakaa Mji wa Kale, Mombasa, katika nyumba ya kupanga yenye kuta nene za matumbawe zilizopigwa chokaa, nami nilitaka kupanga sebuleni michoro 12 ya rangi ya maji bila kupigilia misumari, kwa kuwa plasta yenyewe humeguka kwa pigo dogo. Nilitumia ile gundi laini ya kukandwa kwa vidole, inayobandikwa na kubanduliwa. Siku ya tatu niliikuta michoro minne sakafuni, kila kidonge cha gundi kimejaa unga mweupe, na pembeni mwa mchoro mmoja pana doa linalopenya mwanga kama karatasi iliyofungiwa mahamri. Je, doa hilo hutoka?

Jibu la kwanza
Waaleikum salaam. Pole sana. Hilo ni doa la mafuta. Gundi ya namna hiyo huwa na mafuta yanayoifanya isikauke, nayo huhamia kwenye karatasi polepole, hasa katika joto la kaskazi. Nakusihi usijaribu sabuni wala spiriti, kwani rangi ya maji itachuruzika na doa litatanda. Mpelekee fundi wa kuhifadhi karatasi, ingawa naye huenda asilimalize. Kuanzia leo gundi hiyo isiguse mchoro wenyewe. Wahifadhi wa makumbusho hushikiza mchoro kwenye kadibodi isiyo na asidi kwa vipande viwili vya karatasi nyembamba ya Kijapani, vilivyopakwa uji wa wanga wa ngano, kwa sababu uji huo hulegea tena kwa maji kidogo. Vipande hukaa upande wa juu tu, maana karatasi hutanuka na kusinyaa kwa unyevu, na ikibanwa pande zote hufanya mawimbi.

Jibu la pili
Naongezea kuhusu ukuta. Pitisha kiganja: kikitoka cheupe, gundi imeshika unga, haikushika ukuta, na kuongeza gundi hakusaidii. Tafadhali usipake rangi ya mafuta ili ishike, kwa kuwa chokaa huhitaji kupumua na unyevu ukizuiliwa plasta hutoka mabamba. Funga mshipi wa kuvulia kwenye boriti za dari na uning'inize fremu. Gundi ibaki na kazi moja, punje ya ukubwa wa mbaazi nyuma ya fremu iliyo juu ya mbao, ili isiende upande. Ukiibandua, iviringishe taratibu, na mabaki uyadonoe kwa donge la gundi hiyohiyo badala ya kucha. Kabla ya hayo yote, tandaza michoro mkekani uipange hadi uridhike.

Muulizaji
Ahsanteni sana. Kiganja kimetoka cheupe kabisa. Michoro iko mkekani tangu alasiri, na ule wenye doa nimeutenga kando.