Naomba ushauri: niwasimulieje vijana habari za mchungaji Graetz?

Habari zenu ndugu zangu. Nafundisha vijana usharikani kwetu, Walutheri kama yeye. Robert Graetz na mkewe Jeannie, Wazungu, walihamia Montgomery, Alabama, Marekani, mwaka 1955 kuchunga usharika wa Weusi. Rosa Parks, yule mwanamke Mweusi aliyekamatwa kwa kukataa kumpisha Mzungu kiti kwenye basi, alikuwa jirani yao. Weusi walipogomea mabasi kupinga ubaguzi huo, mchungaji aliwapakia kwenye gari lake kuwapeleka kazini. Wabaguzi wakamtoboa matairi, wakamimina sukari kwenye tangi la mafuta, na Agosti 1956 nyumba ikapigwa bomu. Bahati walikuwa safarini. Na walikuwa na watoto wadogo! Hilo linaniuma sana.

Ila naogopa vijana wasije wakadhani Mzungu ndiye aliyewakomboa, wakati Weusi wenyewe ndio waliosusia mabasi siku 381, wengi wakitembea kwa miguu. Nianze na nani? Walimu na wazazi nisaidieni, kipindi ni Jumapili hii.