Rododendroni, azalea au bogenvilia: lipi litakaa Dodoma?

Kipepeo wa Ilazo
Wakuu, heshima kwenu. Nina kieneo mbele ya nyumba hapa Ilazo, kati ya baraza na ukuta wa geti. Wifi yangu aliyeko Uingereza hachoki kunitumia picha za rododendroni chotara za bustanini kwake: mashada makubwa ya zambarau na waridi, majani mazito yanayong'aa mwaka mzima. Roho imependa.

Naona nina njia tatu. Ya kwanza ni hiyo chotara yenyewe ya majani makubwa, wifi aje na mche akija likizo Desemba. Ya pili ni azalea za chunguni, nasikia watu wa nyanda za baridi wanazo. Ya tatu ni kuachana na tamaa nipande bogenvilia au waridi la jangwa kama majirani wote. Maji yangu ni ya kisima. Naombeni mwongozo kabla sijala hasara.

Fundi Bustani DOM
Dada, kabla ya yote chungulia ndani ya birika lako la chai. Kama kuna magamba meupe, hiyo ni chokaa, na ndiyo itakayoua rododendroni. Jua litakuja kumalizia tu.

Mmea huu unataka udongo wenye asidi, pH (kipimo cha asidi, ikishuka ndiyo asidi zaidi) kati ya 4.5 na 6. Ukimwagilia maji yenye chokaa, pH inapanda kidogo kidogo na mmea unashindwa kunyonya madini ya chuma hata kama yamejaa kwenye udongo. Dalili yake haifichiki: jani changa linakuwa manjano, mishipa yake inabaki kijani. Hapo mtu anadhani mmea una njaa, anaongeza samadi ya kuku, ambayo nayo ina chokaa na chumvi. Anazidi kuuzika.

Halafu tazama mizizi. Ni laini kama nywele, imesongamana karibu na uso wa udongo, haishuki chini kutafuta unyevu. Sasa fikiria uso wa udongo wa Dodoma mwezi wa Oktoba, jua la nyuzi 30 na ushee na upepo wetu huu.

Kwa hiyo njia ya kwanza mimi nasema hapana. Chotara za Ulaya zina damu ya mimea ya Himalaya, Caucasus na milima ya Appalachia kule Marekani. Matumba yake ya maua hujitengeneza majira ya joto, yanalala baridi yote, ikiisha ndipo yanafunguka. Sisi hata Julai usiku unashuka mpaka nyuzi 13 hivi, mchana jua kama kawaida. Huo si usingizi wa kutosha. Utapata majani, na maua utaendelea kuyaona kwenye simu.

Mnyalu wa Mufindi
Fundi kamaliza. Naongeza moja: ukitaka kujua wapi mimea ya aina hii itajisikia nyumbani, tazama penye chai. Mufindi, Rungwe, Usambara. Chai nayo inapenda udongo wa asidi, mvua na ubaridi.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba rododendroni zina spishi zaidi ya 1,000 na hakuna hata moja ya asili ya Afrika. Wapo ndugu wa ukoo tu, zile erika zinazoota juu Kilimanjaro ukishauacha msitu.

Ila msiseme rododendroni zote zinataka baridi kali. Kuna kundi linaitwa vireya, asili yake milima ya Papua Guinea Mpya, Borneo na visiwa vya jirani. Hizo hazihitaji kulala baridi, tena barafu inaziua. Zinataka hewa ya wastani na udongo mwepesi mno unaopitisha maji haraka, maana porini nyingi huota juu ya matawi ya miti. Kama moyo hautaki kabisa kuliachia hilo jina, ulizia vireya. Kuipata ndiyo kazi.

Mzee wa Zabibu
Vijana mnamkatisha tamaa huyu binti. Udongo unarekebishika. Salfa ya unga tunayopulizia zabibu dhidi ya ubwiri (ugonjwa wa ukungu) inashusha pH. Na kwenye mbolea, achana na CAN kwa sababu ina chokaa ndani yake, tumia SA (salfeti ya amonia) kidogo kidogo. Majivu ya jikoni usiyasogeze hapo kabisa. Mbona inawezekana?

Fundi Bustani DOM
Shikamoo mzee. Uliyosema yote ni kweli, ila salfa haifanyi kazi siku hiyo hiyo. Ni bakteria wa udongo wanaoigeuza kuwa asidi, na wanahitaji unyevu na miezi kadhaa. Kama udongo wenyewe una chokaa ya asili, unaila hiyo asidi yote na kurudi pale pale. Na kila ndoo ya maji ya kisima inarudisha chokaa uliyoiondoa jana.

Dada, fanya hivi: chukua udongo mkavu kijiko kimoja, weka kwenye kisahani, mwagia siki. Ukichemka na kutoa mapovu, usihangaike na salfa. Hapo ni kupanda kwenye chungu tu.

Marahaba Mtumba
Nipo paleee nimekaa nasubiri picha ya hilo birika 😂

Dada wa Lushoto
Naja na njia ya pili, maana azalea naishi nazo. Kwanza mjue azalea nayo ni rododendroni, jenasi ile ile. Hizi za chunguni nyingi zimetokana na *Rhododendron simsii* ya Asia, na Wabelgiji wa Ghent ndio waliozichanganya sana kwa ajili ya kupamba ndani. Hazidai baridi kali kama zile za wifi yako, na kimo chake kinafaa barazani.

Chungu kiwe kipana kuliko kina, chenye matundu ya kutosha chini. Ndani usijaze udongo wa shamba. Mimi nachanganya makumbi ya nazi yaliyooshwa vizuri (yasipooshwa yana chumvi), majani ya mpaina yaliyooza na mchanga kidogo wa mtoni. Panda juu juu, yaani bonge la mizizi lichomoze kidogo kuliko udongo wa pembeni. Ukilizika kama mgomba, mizizi inakosa hewa na kuoza.

Kumwagilia ndiko kunakowashinda watu. Bonge likikauka kabisa linakataa maji: unamwaga juu, yanapita pembeni na kutokea chini, unadhani limelowa kumbe katikati ni vumbi. Likifika hapo, zamisha chungu chote kwenye beseni mpaka viputo viishe, kisha kiache kichuruzike. Usikiache kimekaa ndani ya maji, kuna ukungu wa mizizi unaoitwa faitofthora na haumbembelezi mtu.

Shada likinyauka, lishike kwa kidole gumba na cha shahada, ulipinde kando, linakatika lenyewe. Taratibu, kwa sababu chini yake tu pana machipukizi mapya, na hayo ndiyo maua yako yajayo. Kupogoa ni mara tu baada ya maua. Ukichelewa unakata matumba.

Mahali: upande wa mashariki, mmea upate jua mpaka saa nne asubuhi, baada ya hapo kivuli. Ukuta uukinge na upepo.

Kipepeo wa Ilazo
Asante sana dada. Matandazo je? Nimeona watu wanaweka maganda ya mbao.

Fundi Bustani DOM
Kule kwao sawa, kwa Dodoma unawaita mchwa waje mpaka mlangoni. Kwenye chungu weka majani ya mpaina kiasi, na chungu kikae juu ya matofali, kisigusane na ardhi.

Binti Nzuguni
Niseme mawili matatu ambayo hayajaguswa.

Wifi asifiche mche kwenye begi. Kuingiza mimea kunahitaji kibali cha Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu (TPHPA) na cheti cha afya ya mimea kutoka huko unakotoka. Mche wenye udongo unaweza kuleta magonjwa, hilo si jambo la kupita kimya kimya.

Mbegu za mtandaoni zenye picha ya ua la bluu kali, ziache. Chotara hairudii sura ya mama yake kwa mbegu, ndiyo maana wanaizalisha kwa vipande vya matawi, kwa kupandikiza au kwa kulaza tawi ardhini.

Na tusisahau mbuzi. Mtaani kwetu wanazurura bila mwenyewe. Rododendroni na azalea zina sumu kwenye majani na hata kwenye nekta, mbuzi akila anatoa mate, anatapika, anaweza kufa. Mwenye watoto wanaotia kila kitu mdomoni naye awe macho.

Kaka wa Chamwino
Hakuna aliyeitetea njia ya tatu, basi naibeba mimi. Dada, unataka chotara? Bogenvilia nyingi za mtaani nazo ni chotara, mojawapo maarufu ni *Bougainvillea × buttiana*. Asili yake Amerika Kusini. Ile rangi si petali, ni majani yaliyobadilika yanayozunguka viua vidogo vyeupe, ndiyo maana inadumu muda mrefu. Na ukiibania maji kidogo ndipo inatoa rangi zaidi. Mmea unaochanua kwa kiu, wewe mkazi wa Dodoma unataka nini tena?

Waridi la jangwa ni la kwetu Afrika Mashariki kabisa, linahifadhi maji kwenye shina lake nene. Utomvu wake una sumu pia, ukikata nawa mikono.

Rododendroni nimeziona kwa watu, nzuri kweli. Lakini kulea mmea unaochukia maji yako, udongo wako na hewa yako, huo ni mgogoro wa ndoa.

Kipepeo wa Ilazo
Nimerudi. Siki imetoa mapovu. Birika sitalipiga picha, Marahaba nisamehe 😅

Nimeamua hivi: ukutani bogenvilia. Barazani upande wa mashariki azalea mbili za chungu, nitamwagiza mtu wa Lushoto. Wifi aje na chokoleti tu. Swali la mwisho: kwa kuwa maji ya kisima yana chokaa, azalea nitazimwagilia maji ya mvua, sasa nitayapata wapi kuanzia Mei mpaka Novemba?

Mzee wa Zabibu
Hesabu ni nyepesi, binti yangu. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya paa ni lita moja. Dodoma tunapata kama milimita 550 hadi 600 kwa msimu, kwa hiyo hata baraza la mita 10 za mraba linaweza kukuletea zaidi ya lita 5,000. Chungu kimoja kikinywa lita mbili kwa siku, viwili kwa siku 210 za kiangazi ni lita 840. Tenki la lita 1,000 linakuvusha. Funga gata kabla mvua hazijaanza, na maji ya mvua ya kwanza yaache yapite, yana vumbi la miezi yote hiyo.

Marahaba Mtumba
Na tenki lifunikwe kwa wavu, dada. Mbu.