MREJESHO: Fomula ilikuwa inaonekana yenyewe badala ya jibu, sasa imekaa sawa

Wakuu habari zenu, narudi kama nilivyoahidi. Niliuliza juzi kuhusu daftari la kikoba chetu kwenye Excel, kolamu E ilikuwa inanionyesha =C2+D2 hivyo hivyo ilivyoandikwa badala ya jumla ya hisa na mfuko wa jamii.

Nilianza na ile mliyonishauri ya kubonyeza Ctrl na ile alama ya ` iliyo chini ya Esc, inayoonyesha au kuficha fomula, ikawa inabadilika kolamu zingine tu, E imegoma. Kumbe aliyetengeneza faili aliiweka kolamu nzima kwenye muundo wa Text (maandishi), kwa hiyo Excel inachukulia fomula kama maneno ya kawaida. Nikabadilisha kuwa General (muundo wa kawaida), bado kimya, hapo nilikaribia kukata tamaa kwa kweli! Mpaka nikaingia kwenye seli E2, nikabonyeza kitufe cha F2 halafu Enter, ikatokea 15,000 palepale.

Sasa mistari 180 utabonyeza mpaka lini, nikachagua kolamu nzima nikaenda kwenye menyu ya Data, Text to Columns, nikabonyeza Finish, zote zikajihesabu kwa mpigo. Asanteni sana jamani, mmeniokoa, Jumamosi tunagawana na kila mama ataiona hela yake.