Nyama za moshi Masaki, choma ya Sinza au mishikaki ya mjini: wazee tuwapeleke wapi?

Mdau_wa_Tabata
Wakuu, habari za jioni. Mwisho wa mwezi tunatoka kifamilia, watu wanane. Yumo mama mkwe, ambaye magego yamebaki ya kuhesabu, na shemeji yangu ambaye hali kitu kilichokaa jirani na nguruwe. Mapendekezo ni matatu: mgahawa mmoja wa Masaki unaouza nyama za moshi za Kimarekani, bar ya mbuzi choma Sinza, au kuku na mishikaki katikati ya mji, Mamboz na majirani zake. Mama watoto anataka Masaki. Mimi nikitazama bei ya kilo naona imezidi ya Sinza mara mbili. Mliokula kote huko, mnasemaje?

Bucha_Mstaafu
Mkuu, hizo si kilo za aina moja. Sinza unapimiwa nyama mbichi, mfupa humo humo, na kila inachopungua jikoni kinapungua mfukoni mwako. Masaki unapimiwa iliyoiva tayari, na kidari chao, yaani nyama ya kifua cha ng'ombe, hakina mfupa. Kidari kikikaa kwenye moshi kutwa nzima kinapoteza hadi theluthi ya uzito, wakati mwingine zaidi, na hasara hiyo mwenye mgahawa ameshaibeba kabla hujafika kwenye mizani. Linganisha nyama inayofika mdomoni, utaona tofauti imeshuka sana. Haiishi, lakini imeshuka. Halafu soma maandishi madogo chini ya menyu kama bei zina VAT ndani au inaongezwa kwenye bili. 18% kwa meza ya watu wanane utaisikia.

Kobe_wa_Sinza
Bucha, wewe ulikuwa unauza mifupa miaka yote hiyo leo unatutangazia 😂

Choma siyo kilo tu. Unaenda dirishani, unachagua paja au mbavu kwa macho yako, unamwambia mchomaji asiikaushe, unakaa. Inakuja kwenye sinia na chumvi pembeni, kachumbari, ndizi, pilipili inayokufanya uombe maji. Kule Masaki unaletewa vipande vitano vimepangwa kama tofali, juu mchuzi wa nyanya wenye sukari. Sukari kwenye nyama! Mimi hapana.

Moto_Mdogo
Huo mchuzi mtamu ni wa Kansas City, na unaweza kuomba uwekwe pembeni. Kwa Texas kidari kinapakwa chumvi na pilipili manga tu, kazi iliyobaki ni ya kuni.

Kwa mama mkwe jibu liko wazi, na lina sababu. Kidari ni msuli ambao ng'ombe anaubebea uzito wake, umejaa nyuzi ngumu. Ukiupeleka kwenye mkaa mkali unajikunja, unatafuna mpaka taya ziume. Tanuri la moshi linakaa kwenye nyuzijoto 110 hadi 120 hivi, moto uko pembeni, nyama haiuoni. Kidari kizima kinakaa humo saa 10 hadi 14. Ndani kikipanda hadi karibu 93 au 95, zile nyuzi zimeshayeyuka na kuwa kama rojo la supu ya makongoro, na nyama inakatika kwa uma. Katikati ya safari joto hukwama kwenye sitini na kitu au sabini kwa saa kadhaa, kwa sababu maji yanayotoka juu ya nyama yanaipoza, kama jasho linavyotupoza sisi. Mpishi mwenye haraka anaongeza moto hapo, na hapo ndipo anapoiharibu.

Jambo jingine: ukiona utepe wa rangi ya waridi chini ya gamba jeusi, usimwite mhudumu kusema nyama mbichi. Gesi za kuni zikikutana na rangi ya nyama ndivyo zinavyofanya.

Kobe_wa_Sinza
Sawa mwalimu. Lakini ng'ombe wetu wa mnada wa Pugu ametembea, mafuta hana. Huyo ukimweka saa 14 si utapata kiatu?

Moto_Mdogo
Hapo nakupa pointi. Kidari chembamba cha ng'ombe wa malisho kinakauka kabla ya kulainika. Muulizeni mhudumu kama wanatumia ng'ombe aliyenenepeshwa. Akijiumauma, agizeni mbavu za ng'ombe.

Binti_Kisutu
Mbona shemeji mmemsahau? Sehemu nyingi za namna hiyo zinauza mbavu za nguruwe, na tanuri mara nyingi ni moja: nguruwe juu, ng'ombe chini, mafuta yanadondoka. Kuuliza "mna nyama ya ng'ombe?" hakutoshi. Pigeni simu muulize kama matanuri ni tofauti, na visu pia. Wakisita, njooni mjini. Kuku wa mkaa, mishikaki, maji ya ukwaju, meza za nje, bili haiumizi, na kuku laini mama anamudu. Ila msitegemee kukaa kimya mpige stori ndefu, kuna watu wamesimama wanasubiri viti vyenu.

Mdau_wa_Tabata
Nimepiga. Nguruwe wanaye, ila wamesema ng'ombe na kuku wana tanuri lao na ubao wao wa kukatia. Shemeji amesema ataingia jikoni kuona mwenyewe, na namjua, ataingia kweli. Nikifika saa mbili usiku nitakuta kidari?

Moto_Mdogo
Usiende saa mbili. Kinawekwa motoni usiku wa kuamkia siku hiyo, kikiisha kimeisha, hakuna cha kuongeza kwa dakika 40. Kilichobaki usiku kimekaa kwenye joto muda mrefu, au kimepashwa. Nenda saa saba mchana, na oda ya kidari uitoe siku moja kabla. Mwambie akukatie na upande wenye mafuta, usikubali mkavu peke yake.

Bucha_Mstaafu
Na kwa watu wanane msiagize sinia nane. Kidari kilo moja na nusu, kuku wawili, chipsi na kachumbari za kutosha. Mkiona haitoshi, mnaongeza.

Kobe_wa_Sinza
Mkitoka na njaa, Sinza tupo mpaka usiku.