Kuchora wanyama baada ya kazi hapa Dar: rangi, mafundi na kibali

Habari zenu Wakenya wenzangu. Nimehamia Sinza kikazi, na jioni nabaki na muda. Kwetu Voi nilizoea kuchora ndovu kwa penseli tu. Sasa natamani kujifunza Tingatinga, ule mtindo wa uchoraji wa hapa Dar. Nianzie wapi? Na kuuza je, naruhusiwa?
Mgeni wa Sinza

Karibu sana dada. Kabla hujanunua hata brashi, nenda Morogoro Stores, Oysterbay, ukae na mafundi. Eneo hilo ndilo Edward Saidi Tingatinga, mwanzilishi wa mtindo huo, alikouzia picha zake kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960. Alifariki 1972, lakini wanafunzi na ndugu zake waliendelea, na 1990 wakaunda ushirika wao. Salimia, tazama, kisha omba kufundishwa na mkubaliane malipo waziwazi. Muda wa fundi ni riziki yake.

Kwanza hupakwa rangi ya nyuma, ikauke kabisa, ndipo mnyama aje. Nilimtazama fundi mmoja akichora kanga, yule ndege wa madoa. Mwili ulikuwa mweusi mtupu. Akaegemeza kidole cha mwisho kwenye kitambaa, akaanza kuweka madoa meupe: makubwa mgongoni, yakipungua kadiri anavyopanda shingoni. Doa likigusa jingine, manyoya yanapotea, kwa hiyo hana haraka hata kidogo. Jizoeze hayo madoa kwanza, hata kwenye karatasi.

Vifaa si ghali. Rangi ni ile ya mafuta ya makopo madogo, inapatikana kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi. Wengi siku hizi huchora kwenye kitambaa cha pamba kilichowambwa kwenye fremu. Ukipenda hadibodi kama wazee, shiti ya futi 4 kwa 8 inakatwa vipande 8 vya futi 2 kwa 2. Chorea barazani, kwani harufu yake chumbani inaumiza kichwa, na msimu wa masika uwe mvumilivu, rangi inachelewa kukauka.

Nakusihi usimwache ndovu wako. Mtindo jifunze hapa, lakini wale wa Tsavo waliojipaka vumbi jekundu umekua ukiwaona mwenyewe. Twiga wa kunakili wameshajaa madukani.

Kuuza ni habari nyingine. Kibali cha kazi kinakufunga kwenye kazi iliyotajwa humo, na amri ya Serikali ya Julai 2025 imewazuia wasio raia kufanya biashara kadhaa, yakiwemo maduka ya vinyago na vitu vya kumbukumbu. Chora, zawadia watu, pamba nyumba. Ukitaka kuuza, kaulize Uhamiaji kwanza.
Mkaazi wa Kinondoni

Naongezea mawili. Usibandike manyoya ya ndege wa porini, mwiba wa nungunungu wala kipande cha ngozi ya mnyamapori kwenye picha, hata kama umekiokota njiani. Chini ya Sheria ya Wanyamapori ya 2009 hizo ni nyara, yaani sehemu za wanyamapori, na kuwa nazo bila kibali ni kosa. Pili, ukipeleka picha nyumbani kupitia mpaka wa Horohoro, itoe kwenye fremu na uikunje kama mkeka, upande wa rangi ukiwa nje, baada ya kuiacha wiki kadhaa ikauke. Gazeti usiliweke juu ya rangi, linanata. Tumia kitambaa safi.
Wa Tabata