Hiroshima tunaweza kubishana, ila Nagasaki ilikuwa ya nini?

Wakuu habari za jioni. Kuna mdau juzi kasema bila bomu la atomiki Japani isingesalimu amri, Wamarekani wangelazimika kuvamia na wangekufa malaki, kwahiyo Truman, rais wa Marekani, hakuwa na jinsi. Siidharau hoja hiyo, kisiwa cha Okinawa peke yake walikufa wanajeshi wa Marekani zaidi ya elfu 12, ukija kwa raia ndo usiseme, na uvamizi wa Kyushu, kisiwa kikubwa cha kusini mwa Japani, ulishapangwa uanze Novemba 1945. Sawa.

Ila mbona mnayahesabu mabomu mawili kama moja? Hiroshima imepigwa tarehe 6 Agosti, Nagasaki tarehe 9, siku tatu tu jamani! Tokyo ndo kwanza wametuma wataalamu wakaangalie ni bomu gani hilo, mara tarehe 8 usiku Urusi inatangaza vita, kufika alfajiri majeshi yake yako ndani ya Manchuria (kaskazini mwa China, Wajapani walikuwa wanaikalia), na Stalin huyo huyo, kiongozi wa Urusi, ndiye Wajapani walikuwa wanamtegemea awapatanishe. Asubuhi ya tarehe 9 baraza lao la vita limekaa linabishana wasalimu amri kwa masharti gani, wakiwa humo humo kikaoni wanaletewa habari kwamba Nagasaki nayo imepigwa.

Halafu Nagasaki wala haikuwa shabaha ya kwanza. Ndege ilienda Kokura, mji mwingine wa Japani, ikazunguka weee, chini haionekani kwa mawingu na moshi, ikageuza. Hata tarehe ilikuwa 11, wakaiwahisha kisa utabiri wa hali ya hewa. Amri ya jeshi la Marekani ya Julai ilishasema mabomu mengine yapigwe kadri yanavyokuwa tayari, yaani hakuna aliyekaa chini kuuliza hivi hawa jamaa wamejibu nini.

Mtasema bomu la pili liliwaonyesha majenerali wa Japani kwamba Marekani hana bomu moja tu. Haya, baada ya kupata hiyo taarifa baraza liligawanyikaje? Tatu kwa tatu! Anami, waziri wa jeshi, na wenzake wawili walikomaa vilevile mpaka usiku wa manane mfalme wao Hirohito mwenyewe akaamua. Na huyo Hirohito ambaye walikuwa wanampigania asiondolewe, Wamarekani walimwacha, akabaki kwenye kiti mpaka anakufa 1989.

(Na wanaosema hayatuhusu, urani (madini ya kutengenezea bomu) nyingi ya mradi ule wa bomu ilitoka mgodi wa Shinkolobwe, Katanga, Kongo, wamechimba Wakongo chini ya Mbelgiji.)

Kwahiyo anayetetea aje atetee Nagasaki peke yake. Uvamizi wenyewe ni Novemba, wangesubiri wiki moja wangepoteza nini? Mtu akinijibu kwamba China na kwingineko Asia watu walikuwa wanakufa kila siku vita ikiendelea, hapo ntakaa nimsikilize, maana hilo ndo naona lina uzito. Mambo ya sijui Pearl Harbor, Wajapani walivyoishambulia Marekani 1941, sijibu.